Dirisha Moja, Wizi wa Namna Mbili

"Sikusikia kitu," mlinzi alisema tena, na kikohozi kikamdaka kabla hajafunga mdomo.

Inspekta alimsubiri. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Wezi wengi walikuwa wamemsogelea ili wamsikie vizuri, na wakishasogea wakajikuta wametema waliyokuja kuyaficha. Mzee aliyeketi mbele yake katika chumba cha mahojiano hakuwa na haja ya kusogea. Alikuwa amejikunyata kama nguo iliyokamuliwa, pingu zikimcheza mikononi kwa wembamba. Mafundi wa kiwanda cha nguo alichokilinda walimwita Kikohozi, na jina hilo hakupewa kwa utani.

"Mzee wangu," Inspekta alisema, "kioo cha dirisha la nyuma kimevunjwa chote. Wavu umekatwa. Vichwa vitatu vya cherehani za umeme vimebebwa, na kimoja tu kinamtoa mwanaume jasho. Stuli yako iko mbele ya jengo hilohilo. Unasema hukusikia kitu."

"Sikusikia."

"Ulilala."

"Na kifua hiki? Muulize mke wangu, alinihamishia sebuleni zamani. Mimi kulala nimesahau kulivyo."

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango na tumbo lake limetangulia mbele, alicheka kwa pua. Inspekta alimtupia jicho, akanyamaza.

"Ulizunguka nyuma?"

Mzee alijipapasa goti. "Hapana, mwanangu. Magoti. Nilikaa pale pale kwenye stuli tangu jioni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka bosi alipokuja asubuhi. Alifungua mlango, akaingia, akakaa humo kitambo. Halafu akatoka, akaniambia, nenda kamwite binti yangu, simu yake haipatikani. Nikaenda. Narudi, watu wamejaa, ninyi mmefika, mara mkono wangu huu hapa umeshikwa."

"Mlango wa mbele ulikuwaje alipoufungua?"

"Umefungwa. Kwa ufunguo. Kama siku zote."

Inspekta alisimama. Korido ilikuwa imejaa harufu ya dawa ya sakafu, na mkuu wa kituo alikuwa akimsubiri hapo na faili kwapani.

"Yule anakwenda mahakamani leo," mkuu alisema. "Gari la mahabusu likiondoka mchana, naye yumo. Mlinzi asiyesikia kioo kikivunjwa ni mshirika wa aliyekivunja. Hata hakimu aliyesinzia ataliona hilo."

"Akipelekwa rumande na kifua kile, hatoki mzima."

"Basi niletee mtu mwingine nimpandishe badala yake. Mtu, Inspekta. Usiniletee hadithi."

*

Kiwanda kilikuwa chumba kimoja kirefu, mlango mbele, dirisha pana nyuma. Cherehani zilikaa safu mbili kama wanafunzi darasani, kila moja na kitambaa chake cha kuifunika. Hewa ilinuka mafuta ya mashine na nguo iliyochomwa pasi. Meza tatu zilizo chini ya dirisha ndizo zilizokuwa uchi: pale pa kichwa cha cherehani palibaki tundu la mstatili, na ndani ya tundu, sinia la bati lenye mafuta meusi ambayo kichwa huyakalia kisikauke. Vitambaa vya cherehani zile tatu vilikuwa vimekunjwa na kupangwa kimoja juu ya kingine kwenye kona ya meza ya kwanza. Kioo kilikuwa kila mahali: sakafuni, mezani, vitini, juu ya vitambaa.

"Mmemaliza, afande? Nataka nifagie." Aliyesema ni mwenye kiwanda, mtu mfupi, mnene, mwenye tepu ya kupimia shingoni. Walisema hata kwenye mazishi ya mkewe aliivaa, na hivyo akaitwa Fundi Tepu. "Nina sare za shule za watu. Watoto watakwenda uchi."

"Hutafagia," Inspekta alisema. "Hakuna kitu kitakachoguswa hapa mpaka niseme."

Alikwenda kwenye meza ya kukatia. Mwanamke wa umri wa makamo, mabega mapana, mdomo umejaa pini, alikuwa akikunja vipande vya suruali vilivyokwisha kukatwa. Alikunja mara tatu, pindo likabaki ndani, kisha akapita juu yake na kiwiko, taratibu, kama anayefunga bahasha. Huyo ndiye binti wa Fundi Tepu, na mafundi wote walimwogopa kuliko walivyomwogopa baba yake.

"Jana nani alifunga?"

Alitema pini kiganjani. "Mimi. Siku zote nafunga mimi. Baba ana ufunguo wake, mimi nina wangu, wa tatu haupo."

"Mlifunga kama kawaida?"

"Mapema kidogo. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, nikawaambia mafundi nendeni zenu. Mlinzi alikuwa hajafika bado."

"Asubuhi baba yako alikutafuta kwa simu."

"Haikuwa na chaji. Si nimekwambia umeme ulikatika?"

"Unamwonaje yule mlinzi?"

Kiwiko chake kikasimama. "Kikohozi? Huyo hawezi kuiba hata usingizi. Mwachieni."

"Tukimwachia, tumshike nani?"

"Mimi nashona, dada yangu. Kushika watu ni kazi yako."

Inspekta alitaka kumjibu, lakini kutoka upande wa pili wa ukuta kukazuka mlio wa chuma kinachokatwa. Ulikuwa mlio wa kung'oa meno. Sakafu ilitetemeka, pini zikacheza kiganjani mwa binti. Hakuna aliyesema kitu mpaka ulipokoma.

"Jirani yetu fundi wa kuchomelea," Fundi Tepu alieleza, akitabasamu kwa meno ya mbele tu. "Akianza asubuhi, ni hivyo mpaka jioni. Tumezoea."

Inspekta alimwita Koplo pembeni. "Tafuta chupa kubwa. Nikiwa nimekaa kwenye stuli ya mzee huko mbele, ivunje sakafuni, chini ya dirisha. Jirani akiwa kimya."

Alikwenda akaketi. Stuli ilikuwa na mto wa vipande vya nguo, na chini yake kopo la dawa ya kifua. Alifumba macho. Mlio wa chupa ulimfikia wazi kama kofi. Mpita njia mmoja hata aligeuza shingo.

Koplo alitokea anajifuta mikono. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi kazi imekwisha, afande. Kwa mchana wenye magari umesikia, yeye usiku wa kimya hakusikia? Mzee ametudanganya mchana kweupe. Tukale."

Inspekta hakuinuka. Simu yake ilikuwa ikitetemeka mfukoni, na alijua ni mkuu wa kituo bila kuitazama.

*

Wakala wa bima alifika amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Alipiga picha kioo, akapiga picha wavu, akampa mkono Fundi Tepu kwa heshima zote. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Kwa upande wetu mambo ni safi, dada. Hii ni 'burglary' ya kitabuni. Ingekuwa 'theft' tungempa pole tukaenda zetu."

"Hebu nieleze tofauti. Mimi ninapoandika faili naandika wizi."

Wakala alifurahi. Alikuwa mtu wa kupenda kuulizwa. "Ndiyo shida ya lugha yetu hii. Yote wizi. Wenzetu wamepanga. 'Theft' ni kuchukua cha mtu, basi. Mlango ulikuwa wazi, mfanyakazi ametia mfukoni, ndugu ana ufunguo kaingia akabeba, zote hizo ni 'theft'. Lakini 'burglary' ni lazima mtu aingie mahali asipotakiwa ili aibe, na kampuni yetu inataka zaidi ya hapo: inataka kuona palipovunjwa. Kitasa, mlango, dirisha. Bila alama ya kuvunja, kwetu haipo."

"Kwa hiyo mtu yule yule, mali ile ile, hasara ile ile. Akipita mlangoni hamlipi, akipita dirishani mnalipa."

"Umeelewa! Kiswahili hakina hiyo."

"Kiswahili hakina?" Inspekta alishusha sauti zaidi, na wakala akasogea. "Ndugu yangu, anayekutia mkono mfukoni sokoni amechomoa. Anayekupitia mbio na mkoba wako amekwapua. Akikuonyesha panga amenyang'anya. Mtoto anayeonja nyama kabla ya wageni amedokoa, mhasibu anayeonja hela za ofisi amefuja, na wanaoingia nyumba wakaacha kuta tupu wamekomba. Na huyu wako wa dirishani tunamwita mvunja nyumba tangu babu yako hajazaliwa. Tuna maneno ya kukufunika. Wewe umeyaacha nyumbani ulipokuja kazini."

Koplo alikohoa ili asicheke. Wakala alijirekebisha kola.

"Sawa, afande, sikubishi. Nasema tu watu wanachanganya. Hata Bwana Tepu ilibidi nimfafanulie asubuhi hii. Yeye alielewa upesi."

Inspekta aliendelea kutazama kola ile ile. "Alipokupigia kukuarifu kwamba amevunjiwa."

"Hapana, kabla. Nilikuwa bado natafuta soksi. Akaniuliza, bima yangu inahusu wizi wa namna gani? Nikamwambia 'burglary' peke yake. Akasema, na mtu akichukua bila kuvunja? Nikamwambia hiyo 'theft', hatumo. Akanishukuru, akakata. Nimeshafika ofisini ndipo akapiga tena: jamani, wamevunja dirisha!"

"Uliona ajabu?"

"Wateja wanauliza mengi, afande. Wengine huniuliza kama tunawakatia bima wakwe."

Inspekta alimshukuru. Alitazama upande wa meza za dirishani: Fundi Tepu alikuwa amesimama pale, tepu ameizungusha kidoleni mara nyingi mpaka ncha ya kidole imebadilika rangi.

*

Alimtuma Koplo kwa jirani kwa mambo mawili. Koplo alirudi na jibu la jambo la kwanza.

"Nimemuuliza habari ya umeme jana. Amenitolea macho. Anasema, jana nimechomelea geti zima mpaka jioni, taa haikupepesa hata mara moja."

"Na la pili?"

"Amekubali. Anawasha sasa."

Mlio ukaanza. Inspekta alikuwa amekwisha kurudi kwenye stuli ya Kikohozi. Alikaa, akasikiliza chuma kikilia. Alikaa zaidi. Mlio ulipokoma, Koplo alichungulia mlangoni.

"Vunja basi," Inspekta alimwambia.

Koplo alimtazama kama mtu aliyeona jini. "Afande, nimeshavunja. Mbili. Na nimeongeza sahani ya chai."

Sasa Inspekta aliinuka, na hakuinuka taratibu.

"Bwana fundi, njoo hapa. Koplo, simama mlangoni. Wengine mbaki mlipo."

Fundi Tepu alikuja mpaka meza ya kwanza chini ya dirisha. Inspekta alimwonyesha tundu. "Tia mkono kwenye sinia. Usijikate."

Alitia vidole kwenye mafuta. Vilipotoka vilikuwa vimeshika kipande cha kioo kirefu kama kisu cha mboga, mafuta yakichuruzika.

"Kuna vingine?"

"Vipo," alisema Fundi Tepu.

"Kichwa cha cherehani kinapokaa mahali pake, tundu hili linaonekana?"

"Linazibwa."

"Basi kioo hiki kimeingia kichwa kikiwa kimekwisha ondoka."

"Ndiyo, wakati wanatoka!" Alilidaka jibu kama mtu anayedaka kikombe kinachoanguka. "Vipande vilibaki kwenye fremu, afande. Wamebeba mizigo, wamepita dirishani, wamevigusa, vikadondoka. Si inawezekana?"

"Inawezekana," Inspekta alikubali.

Fundi Tepu alipumua. Alijifuta vidole kwenye suruali yake mwenyewe, jambo ambalo fundi nguo hafanyi akiwa na akili zake.

Inspekta alisogea kwenye kona ya meza, penye vile vitambaa vitatu. "Jioni mnafunika cherehani zote?"

Binti yake alijibu kutoka kwenye meza ya kukatia. "Zote. Kila siku."

"Koplo, wewe ni mwizi. Umesimama kichochoroni, umekata wavu, unapiga kioo. Kinaangukia wapi?"

"Ndani, afande. Juu ya cherehani ya karibu."

"Ambayo imefunikwa."

"Juu ya kitambaa, basi."

"Unaingia. Unakivua kitambaa, unakiweka kando, unabeba. Kioo sasa kiko wapi?"

Koplo alikuna shingo. "Kwenye kitambaa. Kimeshikamana nacho. Kimejikunja humo."

Inspekta aliomba bitana nyeusi. Fundi mmoja akamtandikia mezani. Alikinyanyua kitambaa cha juu kwa vidole viwili: vipande vya kioo vilivyokuwa juu yake viliteleza vikalia kwenye ubao. Kisha akakiweka juu ya bitana, akafungua kunjo la kwanza. Hakuna kitu. La pili. Nyuzi, vumbi la pamba. La tatu, na pindo lililokuwa limefichwa ndani. Hakuna hata chembe. Alifanya hivyo kwa cha pili na cha tatu, bila haraka, ingawa simu ilikuwa ikitetemeka tena. Alipomaliza, bitana ilikuwa nyeusi tupu.

"Vilikunjwa kwanza," alisema. "Kioo kikaja baadaye. Na hakikuja usiku, maana usiku mzee angekisikia, kama nilivyosikia mimi. Kimevunjwa jirani akiwa kazini, na mlinzi akiwa ametumwa aondoke. Aliyekivunja alikuta mali imeshatoka, kwa mlango, kwa ufunguo, taratibu kabisa. Ikawa wizi wa namna ambayo hailipwi. Akapiga simu kuuliza namna inayolipwa, halafu akaitengeneza."

Wakala wa bima alifungua daftari. Akafuta mstari mmoja.

"Lakini aliyekunja ni mwingine," Inspekta aliendelea. "Nimeshika wezi wengi. Sijashika hata mmoja anayekunja." Alikitazama kitambaa, kisha akageuza macho kwenye meza ya kukatia, penye rundo la vipande vya suruali: mara tatu, pindo ndani, vimelazwa kama bahasha.

Kila fundi mle ndani aliangalia huko. Hata Koplo aliangalia.

"Niulize mimi," Fundi Tepu alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Dirisha nimevunja mimi. Kwa nyundo. Wengine hawajui, usiwaulize."

"Ulikuja na nyundo, ukakata wavu, ukafanya kazi nzuri. Kwa nini hukuvikunjua hivi? Ungevitupa tu sakafuni, nisingekuwa na la kusema."

Alivitazama vile vitambaa. "Nilitaka. Nimevishika mara mbili." Alivuta tepu shingoni, ikagoma. "Mama yake ndiye aliyekuwa akikunja hivyo. Nikavirudisha."

"Baba, nyamaza," binti alisema. Alikuwa ameacha meza yake na anakuja, mafundi wakimpisha. "Yameshatosha. Sikuiba kitu cha mtu, afande. Nimechukua cherehani za mama. Hizo tatu alianza nazo chumbani kwetu nikiwa mdogo, miguu yangu haifiki chini, mimi namkatia nyuzi. Jumamosi alikuwa anakuja mtu kuzinunua ili baba apate mashine ya kudarizi inayojiendesha yenyewe. Ziko kwangu, sebuleni, njooni mzione."

"Ungeniambia!" Fundi Tepu alimpigia kelele.

"Nilikuambia! Niliposema ulikuwa unampima mtu kiuno. Nikasema tena, ukaniambia shika hapa. Umewahi kuniangalia usoni bila tepu?"

"Na wewe ukaingia usiku kama—"

"Jioni! Kwa ufunguo ulionipa wewe!"

"Mtagombana vizuri baadaye," Inspekta alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilipanda. "Kuna mzee anapandishwa gari. Wewe bwana fundi, tulipomtia pingu pale mlangoni, ulisimama wapi?"

"Karibu naye."

"Ukasemaje?"

Tepu ilizunguka kidole. "Nilidhani mtasema wezi wasiojulikana. Siku zote si mnasema wezi wasiojulikana? Sikujua mtamchukua yeye."

"Ulipojua?"

Fundi Tepu aliikunjua tepu kidoleni, akaanza kuizungusha upya.

"Na wewe," alimgeukia binti. "Uliingia ukakuta kioo kimevunjika. Ulijua wewe hukukivunja, na ulijua nani mwingine ana ufunguo."

"Nilikuambia mwachieni."

"Uliniambia hawezi kuiba usingizi. Ulikuwa unajua zaidi ya utani huo." Alitoa simu, akampigia mkuu wa kituo. Alisikiliza, akakata. "Wameanza kuwapanga foleni. Mkuu hataki maelezo ya simu, anataka mtu. Twendeni, nyote wawili."

Wakala alimfuata hadi mlangoni, daftari mkononi. "Afande, samahani. Sasa kwa upande wetu niite nini? 'Theft'?"

"Kwa upande wenu ita kioo," alimjibu bila kugeuka. "Tena mwulize kama alikikatia bima."

*

Gari la mahabusu lilikuwa linanguruma uani. Wanaume waliofungwa wawiliwawili walikuwa wakipanda, na Kikohozi alikuwa ngazini, mguu mmoja juu, amefungwa pamoja na kijana mwenye shati lililochanika. Kifua kilikuwa kimemshika, na kijana alikuwa amesimama kumsubiri, mkono wao mmoja ukining'inia kati.

"Mshushe huyo!" Inspekta aliita kabla gari lake halijasimama sawasawa.

Mkuu wa kituo alitoka barazani. "Umeniletea mtu?"

"Huyu hapa. Amevunja dirisha lake mwenyewe, akatoa taarifa ya uongo, akamwacha mwenziwe ashikwe. Atakuambia kwa mdomo wake." Alimsukuma Fundi Tepu mbele kwa kidole kimoja mgongoni. "Lakini aanze na yule pale. Wewe utafuatia."

Fundi Tepu alikwenda mpaka kwenye ngazi. Askari alikuwa akihangaika na kufuli la pingu. Wazee wawili walitazamana, mmoja juu ya ngazi, mwingine chini.

"Kioo nilivunja mimi," Fundi Tepu alisema. "Nilikutuma kwanza, halafu nikakivunja."

Kikohozi aliuliza, si kwa hasira, kama mtu anayetaka tu kupata uhakika: "Kwa hiyo mimi si kiziwi?"

"Si kiziwi."

"Maana nimeanza kuamini." Pingu ilifunguka. Alijisugua kifundo, akashuka ngazi moja, kisha nyingine. "Tangu asubuhi nakaa nafikiri, labda kilivunjika na mimi nipo, na masikio yangu yamekufa. Nikamwomba huyu kijana anipigie vidole sikioni, nione kama nasikia." Kijana mwenye shati lililochanika akaitikia kwa kichwa.

Fundi Tepu alivua tepu shingoni. Hakuonekana kujua anataka kuifanyia nini. Kikohozi aliipita, akampita na yeye, akaenda kusimama mbele ya binti aliyekuwa bado kwenye gari la Inspekta, mlango wazi, uso ameinamisha.

"Cherehani zilibebwa na nani, basi?" alimuuliza Inspekta.

"Na huyu. Zilikuwa za mama yake."

"Aa," mzee alisema. Alimwangalia binti kichwani, mahali nywele zilipoanza kuwa na mvi. "Ndiyo maana ulifunga mapema. Ungeniambia, ningekushikia mlango."

Binti alijifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Koplo alikuwa amekwisha tandaza fomu juu ya boneti, kalamu imesimama. "Afande, baba nimemwandika, taarifa ya uongo. Huyu binti kosa lake niandike nini? Hakuvunja. Ufunguo alipewa. Mali ni ya mama, lakini kiwanda ni cha baba. Kuiba? Kudokoa? Umetaja mengi pale, chagua moja."

Gari la mahabusu liliondoka, na ua ukanyamaza. Inspekta alimtazama mzee aliyekuwa anakohoa huku anampapasa bega mtoto wa bosi wake, na Fundi Tepu aliyesimama peke yake na tepu mkononi.

"Acha nafasi," alisema. "Hilo neno ataliweka baba yake, akishamaliza kunieleza kama anashtaki."